Andika Nimeachwa

Mardhiya Sufiani alikuwa mpishi wa shughuli. Hapa Bagamoyo, mtu akiozesha na ana watu mia tatu wa kuwalisha, jina lake ndilo lililotajwa kwanza. Alikuwa na masufuria yake mwenyewe, makubwa, ya kubebwa na watu wawili, na hakumruhusu mtu kugusa moto wake. Mimi nilikuwa mmoja wa wanawake wanne tuliomenya naye vitunguu kwa miaka kumi na sita. Mengi ya haya niliyaona kwa macho yangu. Ambayo sikuyaona alinisimulia mwenyewe, na Mardhiya hakuwa mtu wa kutia chumvi ila kwenye sufuria.

Aliwahi kuolewa mara moja. Mumewe, Hija Kulwa, alikuwa fundi seremala, mtu wa huko bara kuelekea Msata, mrefu, mcheshi, mwenye kupenda kusifiwa. Walipata mtoto mmoja, Mina. Mina alipofika miaka mitano, Hija alichana karatasi ya daftari, akaandika talaka moja, akatia saini mbele ya mashahidi wawili, akahamia Msata kuuza mbao. Mardhiya akakaa eda, akamaliza, akashika mwiko. Alimsomesha Mina mpaka akawa mwalimu wa shule ya msingi. Miaka ishirini na mbili ikapita na hakuna mtu aliyemwuliza karatasi ya kitu chochote. Mtaa ulijua ameachwa, na mtaa ulitosha.

Kisha akatokea Yunus.

Yunus ni mzaliwa wa hapa hapa, ila aliondoka akiwa kijana, akapika kwenye meli za watu miaka na miaka, mwisho akatia nanga Bremen, Ujerumani, akapata uraia wa huko. Mkewe alifia huko. Alikuja kwenye harusi ya mpwa wake, akala pilau, akainuka na sahani mkononi akaja nyuma ya turubai tulikokuwa tumekaa.

"Nani kapika?" akauliza.

Tukamwonyesha Mardhiya kwa vidole.

"Mimi nimepika melini miaka kumi na minane," akasema. "Wali wa watu wengi hivi haujapata hata siku moja kunitoka bila kushika chini."

Mardhiya hakuinua hata macho. "Ulikuwa unauharakisha moto," akamjibu.

Yunus akacheka mpaka akaweka sahani chini. Alitakiwa kurudi Ulaya baada ya wiki moja, akakaa sita. Aliporudi akawa anapiga simu kila siku baada ya sala ya Isha. Mwaka ulipotimia akamposa kwa kaka yake Mardhiya, kwa heshima zote. Mardhiya alikuwa na miaka arobaini na tisa. Wapo waliocheka. Alijua wanacheka, akawa akipita barazani kwao anawasalimu kwa sauti ya juu zaidi kuliko zamani.

Waliafikiana waoane kwenye ofisi ya ndoa ya huko Bremen, ili aishi naye bila wasiwasi. Ofisi hiyo ikamtumia Yunus orodha. Walitaka cheti cha kuzaliwa cha Mardhiya, na kama aliwahi kuolewa, uthibitisho kwamba ndoa hiyo imekwisha. Kila karatasi iwe na mihuri ya serikali ya kwetu, kisha itafsiriwe Kijerumani na mfasiri aliyeapa.

Cheti cha kuzaliwa alikuwa nacho. Talaka pia alikuwa nayo, ile ile karatasi ya daftari, ameitunza ndani ya bahasha ya kaki. Akaipeleka kwenye ofisi moja ya serikali. Ofisa akaitazama mbele na nyuma.

"Hii si hati, mama. Haina namba wala muhuri."

"Saini yake hiyo hapo. Na mashahidi hao hapo."

"Naona. Lakini siwezi kuithibitisha."

Nje ya ofisi palikuwa na kijana mwenye kibanda cha kutoa fotokopi, anaitwa Ishaka. Huyo alikuwa akijulikana kwa kuwasaidia watu wenye shida za karatasi. Alikuwa ameshasikia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Jambo lako dogo tu. Kuna njia mbili. Ya kwanza, unaapa kiapo kwamba hujawahi kuolewa. Ukurasa mmoja, leo leo. Ya pili, tunamfisha mzee."

"Mzee yupi?"

"Yule mumeo wa zamani. Nakupatia cheti cha kifo, unakuwa mjane. Wazungu hawana maswali na mjane."

Nilikuwepo siku hiyo. Mardhiya akavuta stuli ya Ishaka akaikalia.

"Hija Kulwa yuko Msata. Mwezi uliopita nilimwona kwa macho yangu kwenye harusi, anakula nyama. Wewe unataka nimzike?"

"Kwenye karatasi tu, mama."

"Na hiyo karatasi nikiulizwa alikufa lini, nani alimwosha, nani alimsalia, nijibu nini? Haya, tuiache hiyo. Hiyo nyingine. Sijawahi kuolewa. Mina nilimpata wapi? Nilimwokota ufukweni?"

Ishaka akatazama chini. "Watu wengi wanafanya hivyo, mama."

"Basi na wafanye. Mimi niliolewa, kwa mahari na kwa mashahidi, na baba yangu alikuwa hai akatoa idhini. Nikaachwa. Yote mawili yalitokea. Nataka karatasi inayosema yote mawili."

Jioni Mina akajaribu kumshawishi. Alikuwa na nia njema. Alimwambia, "Mama, andika tu hujaolewa. Mimi sijali. Nani huko Bremen atakuja kuniuliza kama nilizaliwa ndani ya ndoa?"

"Wewe hujali," Mardhiya akasema. "Mimi ninajali. Nilikubeba kwa halali na sitakwenda kukukana mbele ya karani asiyenijua, eti kwa sababu karani wa hapa hana muhuri."

Ikabaki njia moja, nayo ndefu. Sheria inataka watu waliooana Kiislamu wapitie kwanza baraza la usuluhishi, kisha waende mahakamani. Mahakama ikiridhika kwamba talaka ilitoka, inatoa hati. Hija angefika mara moja, akasema ndiyo, nilimwacha, na jambo lingekwisha. Mardhiya akampigia simu na kumweleza kwa adabu. Hija akasema atafikiri. Halafu akasikia kwa watu kwamba Mardhiya anakwenda kuolewa Ulaya, na hapo fikra zake zikabadilika.

Siku ya baraza alikuja amevaa kanzu mpya. Wazee watatu wa baraza, watu wazuri tu, walifuata utaratibu wao.

"Je, hamuwezi kurudiana?" mmoja akauliza.

Mardhiya akamtazama. "Sheikh, mtu huyu ameondoka kwangu Mina ana miaka mitano. Mina leo ana wanafunzi sitini darasani."

"Tunatakiwa kuuliza, binti yangu."

"Haya, nimejibu. Hatuwezi."

Ndipo Hija akajikohoza akasema maneno yaliyotuacha sote midomo wazi. Alisema ni kweli aliandika karatasi, lakini aliiandika kwa hasira, na kabla eda haijaisha alimrejea mkewe kwa ulimi wake. Kwa hiyo ndoa ipo. "Mardhiya ni mke wangu," akasema, huku akirekebisha kofia.

"Ulinirejea ukiwa wapi?" Mardhiya akauliza.

"Nilitamka."

"Kwa nani? Kwa mbao zako?"

Wazee wakaomba utulivu. Shahidi mmoja wa talaka alikuwa amekwisha fariki. Aliyebaki, Mzee Mikidadi wa Mlingotini, aliletwa kwa bajaji akaeleza vizuri kwamba talaka iliandikwa na yeye alitia saini. Alipoulizwa kuhusu rejea, akasema kweli yake, kwamba hajui, maana hakuwepo. Baraza likaandika kwamba usuluhishi umeshindikana, likawapeleka mahakama ya mwanzo.

Tulirudi kwa miguu. Nilimwuliza Mardhiya kama anaogopa. Akaniambia, "Mtu huyu hanitaki. Angekuwa ananitaka ningejua la kumwambia. Anachotaka ni niende Msata nikampigie magoti, aonekane ametoa ruhusa. Sasa Msata nitakwenda, lakini si kwake."

Akapanda basi Jumatatu yake. Alishuka njia panda, akauliza nyumba ya muuza mbao, akahakikisha mwenyewe yuko dukani, kisha akabisha hodi nyumbani. Mke wa Hija, Swaumu, alikuwa anachambua mchele. Hawakuwahi kuzungumza hata siku moja, ila kila mmoja alimjua mwenzake kwa sura.

"Shikamoo dada."

"Marahaba, mdogo wangu. Sikuja kwa ubaya."

Swaumu akamkaribisha mkekani, akamtilia chai. Mardhiya hakuzunguka. Alimwambia Hija amesema nini mbele ya baraza, neno kwa neno. Kwamba hakuna talaka, kwamba mke wake wa ndoa ni yeye Mardhiya tangu siku ile mpaka leo.

Swaumu aliacha kuchambua. "Amesema wewe ni bi mkubwa wangu?"

"Ndivyo alivyosema."

"Mimi nimeolewa mke wa pili bila kujua? Miaka ishirini na mbili?"

"Kwa maneno yake, ndiyo. Kwa maneno yangu, hapana. Mimi niliachwa, wewe ukaolewa peke yako. Sasa nisaidie nithibitishe, maana mimi nikishindwa, na wewe umeshindwa."

Swaumu akanyanyuka. Akaingia ndani, Mardhiya akasikia sanduku likiburutwa sakafuni. Akatoka na hati yake ya ndoa, imekunjwa mara nne. Aliifungua juu ya ungo wa mchele.

"Baba yangu alikuwa mkali," akasema. "Alisema hataki binti yake awe mke wa pili wa mtu. Akamwapisha Hija mbele ya msikiti mzima kwamba hana mke, ndipo akakubali. Na sheikh akaandika. Soma hapo."

Palikuwa na mstari unaouliza hali ya bwana harusi kabla ya ndoa. Mbele yake, kwa wino wa bluu, paliandikwa *Mtalaka*. Chini yake saini ya Hija Kulwa, na tarehe yake ilikuwa miezi kumi na moja baada ya ile karatasi ya daftari.

Mardhiya aliniambia alitaka kuangua kilio pale pale, lakini akajizuia kwa sababu ya chai ya watu. Akaomba fotokopi tu.

"Fotokopi?" Swaumu akasema. "Watasema umeitengeneza. Nitakuja nayo mwenyewe."

"Atakasirika nyumbani."

"Na akasirike. Mimi nimekasirika tayari, na hasira yangu imeanza kabla ya yake."

Siku ya shauri mahakama ilijaa, maana mtaa mzima ulikuwa umesikia. Hakimu alikuwa mwanamke wa umri wa Mina, mpole wa sauti, anayeandika kila kitu kwa mkono. Hija akarudia maneno yake ya rejea, safari hii kwa madaha zaidi, hata akaongeza kwamba amekuwa akimkumbuka mkewe katika dua zake. Watu wakaguna. Hakimu akamsikiliza mpaka mwisho.

Kisha Mardhiya akasema ana shahidi mmoja zaidi.

Swaumu akaingia. Hija alisimama nusu, akakaa. Hakimu akaipokea hati, akaisoma, akamgeukia.

"Saini hii ni yako?"

"Ni yangu."

"Hapa uliandikwa mtalaka. Ulikuwa umetaliki nani?"

Hija akarekebisha kofia.

"Bwana Hija, uliwahi kuoa mke mwingine kabla ya huyu, zaidi ya mlalamikaji?"

"Hapana."

"Basi nakuuliza tena. Siku hii ulikuwa mtalaka wa nani?"

Nje pikipiki zilikuwa zinapita. Swaumu, akiwa bado amesimama kizimbani, akamwambia mumewe kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anamwambia mtu chakula kiko tayari, "Mjibu hakimu, Baba Abdala."

"Wa Mardhiya," akasema Hija. Akasema kwa sauti ndogo, hakimu akamtaka arudie, akarudia.

Uamuzi ulitoka wiki mbili baadaye. Mahakama ilitamka kwamba ndoa ilivunjika kwa talaka, ikataja tarehe ya ile karatasi ya daftari, ikatoa hati yenye namba na muhuri. Mardhiya alipoipokea hakupiga vigelegele kama tulivyotarajia. Alisimama kwenye ngazi za mahakama akaisoma yote, hata sehemu ya ada. Swaumu alikuwepo. Wakakumbatiana. Hija alikuwa amesimama upande wa pili wa barabara akimsubiri mkewe, na Mardhiya akamwita.

"Hija!"

Akageuka.

"Kama ungesema kweli siku ya kwanza, ningekushukuru mpaka leo."

Swaumu akavuka barabara, wakaondoka pamoja. Nasikia walinuniana miezi, halafu yakaisha. Hayo ni yao.

Mihuri ilikuwa kazi nyingine. Dar alikwenda mara tano. Mahakama ya juu ithibitishe saini ya hakimu, wizara ithibitishe muhuri wa mahakama, na kila dirisha likamwambia alipaswa kuanzia dirisha lingine. Mara ya tatu karani mmoja akamwambia aache karatasi, atapigiwa simu. Mardhiya akasema hataacha karatasi yake mahali ambapo yeye hayupo, akaketi kwenye benchi na chupa yake ya maji. Saa nane wakaigonga muhuri.

Mwisho ikafika kwa mfasiri, mzee mmoja wa Dar anayeitwa Muzammil, mwalimu mstaafu aliyesoma Ujerumani. Baada ya siku nne akamkabidhi kurasa tatu za Kijerumani, amezipiga muhuri wake.

"Nisomee," Mardhiya akasema.

"Bi Mardhiya, ni tafsiri ya hati yako ile ile."

"Mimi sijui Kijerumani, na jina langu ndilo liko hapo. Nisomee kwa Kiswahili ulichokiandika wewe, si kile nilichokuletea."

Muzammil alisema baadaye kwamba katika miaka yote ya kazi yake hakuna mteja aliyewahi kumwomba hivyo. Akavaa miwani akasoma. Alipofika katikati akasoma, "Mwombaji ni mwanamke asiye na mume."

"Simama hapo. Hati yangu inasema hivyo?"

"Inasema ni mtalaka. Lakini maana ni moja, huna mume."

"Binti wa miaka kumi na minane naye hana mume. Mjane hana mume. Mimi nimekataa kuitwa vyote viwili, nimekwenda mpaka mahakamani, na wewe unaniandikia neno la kutosha kila mtu?"

Mzee akavua miwani. Halafu akacheka, kicheko cha mtu aliyekamatwa. "Umenishika kweli. Neno lao lipo, na ni kosa langu kuliacha. Ila nikuambie kitu. Neno hilo kwao halimtaji aliyeacha wala aliyeachwa. Ni moja kwa mume na kwa mke. Wameachana tu."

Mardhiya akauvuta ukurasa kwake.

"Hata Hija akienda huko ataitwa hivyo hivyo?"

"Hivyo hivyo."

"Basi hilo neno nalitaka. Liandike."

Akapiga upya ukurasa mzima, akaugonga muhuri, akamsomea tena tangu mwanzo. Mardhiya akasikiliza amefumba macho.

Viza ilichelewa miezi mitatu. Katika miezi hiyo hakukaa bure. Mama mmoja jirani yetu, aliyeachwa kwa ujumbe wa simu, alitaka kuuza shamba alilorithi kwa baba yake akaambiwa bado ni mke wa mtu, mume atie saini. Mardhiya akampeleka barazani, akampeleka mahakamani. Kisha mwingine, kisha dada wawili kwa pamoja. Karani wa mahakama akamwona akiingia na hao wawili, akaweka kalamu chini.

"Mama Mina, wewe tena? Si ulishapata yako?"

"Nimeshapata. Hawa bado," akasema, akawavutia kiti.

Aliondoka mwezi wa nne. Aliniachia moto, akasema masufuria ni yake na atakuja kuyakagua kila mfungo. Walioana Alhamisi moja, kwenye chumba cha ofisi chenye madirisha makubwa, Yunus amevaa suti na Mardhiya amevaa baibui jeusi la hariri. Alitutumia ujumbe wa sauti siku hiyo hiyo, tukausikiliza wote wanne tukiwa na visu mikononi.

Alisema palikuwa na ofisa mwanamke, na mkalimani binti wa Kikenya. Ofisa aliipitia ile tafsiri ukurasa kwa ukurasa, akanyanyua kichwa akasema kitu. Mkalimani akaanza, "Anauliza kama yote yaliyoandikwa humu kuhusu maisha yako ni..."

"Mwambie kila neno ni kweli," Mardhiya akasema. Mkalimani alikuwa hajamaliza kuuliza.